Mafundi wawili, karatasi moja: je, mkataba wa "kujitegemea" utakulinda?

*"Mimi ni mama mwenye duka la sare za shule hapa Morogoro. Nina mafundi wawili. Mmoja huja dukani kila siku saa mbili asubuhi mpaka jioni, huu ni mwaka wa tatu. Anatumia cherehani zangu na namlipa kwa kila nguo anayomaliza. Wa pili ana kibanda chake na vijana wake wawili, huyu namtafuta kuanzia Oktoba oda za Januari zikianza kujaa. Msimu uliopita nilimkabidhi kitambaa cha mashati 300 na kianzio cha laki sita. Mashati yalianza kuja shule zimeshafunguliwa, na 70 sijayaona mpaka leo, anasema kitambaa hakikutosha. Rafiki yangu amenitumia sampuli ya mkataba wa Kiingereza, kurasa 11, wa 'mkandarasi huru'. Anasema wote wawili wakisaini, NSSF hawatanidai na hakuna atakayenipeleka CMA, tume ya migogoro ya kazi. Nikaona niulize kwanza."*

Dada yangu, umefanya vyema kuuliza kabla ya kwenda kuchapisha. Una hofu mbili hapa na umezifunga katika kanga moja. Ya kwanza ni michango ya hifadhi ya jamii (NSSF) na CMA, na hiyo inamhusu fundi wa dukani. Ya pili ni kitambaa na tarehe, na hiyo inamhusu fundi wa kibandani. Karatasi ya rafiki yako haitakusaidia kwa yule wa kwanza, na kwa yule wa pili imeacha karibu kila kitu ulichokihitaji msimu uliopita.

Nianze na wa dukani, maana ndiye mwenye hatari kubwa zaidi ingawa hajakukosea lolote.

Watu wengi huamini kwamba mtu akisaini kuwa anajitegemea, basi anajitegemea. Sheria yetu haiendi hivyo. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi kinasema mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa ni mwajiriwa, mkataba uwe umeandikwa kwa namna yoyote ile, ikiwa hata jambo moja kati ya haya lipo: unamwelekeza namna ya kufanya kazi, unampangia saa, amekuwa sehemu ya biashara yako, amekufanyia kazi wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, riziki yake inakutegemea wewe, vifaa vya kazi ni vyako, au hana mwingine anayemfanyia kazi zaidi yako. Moja tu linatosha kuamsha dhana hiyo, na kuanzia hapo ni wewe wa kuthibitisha kuwa sivyo.

Sasa mpime fundi wako. Saa 45 kwa mwezi, kwa mtu anayeingia saa mbili asubuhi na kutoka jioni, zinatimia kabla wiki ya pili haijaisha. Cherehani ni zako. Saa umempangia wewe. Mteja akiingia na kuuliza sketi ya marinda, fundi ndiye anayechukua futi na kumpima, na mteja anajua huyo ni "fundi wa duka". Kumlipa kwa kila nguo hakubadilishi kitu, maana hiyo ni njia tu ya kuhesabu ujira.

Niliwahi kusimama upande wa mwenye karakana mmoja mbele ya msuluhishi. Mkataba wake ulikuwa mzuri kweli kweli, umepigwa chapa, neno "huru" limerudiwa kila ukurasa. Upande wa pili ukatoa daftari la mahudhurio la karakana hiyohiyo. Kila fundi alisaini akiingia, na pembeni kwa kalamu nyekundu imeandikwa: "kachelewa, 1,000". Msuluhishi akamuuliza mteja wangu swali moja tu: mtu aliye huru anakatwaje pesa ya kuchelewa? Tukaomba muda wa kuzungumza nje.

Kwa hiyo kwa fundi huyu una njia mbili za halali, na sioni ya tatu. Njia ya kwanza ni kumkubali kuwa mwajiriwa na kumwandikia mkataba wa ajira. Najua hapo ndipo watu wanapotokwa jasho, basi tupige hesabu. Tuseme kwa mwezi anapata 300,000. Mchango wa NSSF ni asilimia 20: nusu unatoa wewe, nusu unamkata yeye, yaani 30,000 kwa 30,000. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ni asilimia 0.5, ni 1,500. Kodi ya mshahara huanza mapato yakivuka 270,000 kwa mwezi, na yeye akishakatwa 30,000 ya NSSF anabaki na 270,000 kamili, hakuna kitu hapo. Tozo ya mafunzo ya ufundi stadi inawagusa wenye wafanyakazi 10 na kuendelea. Jumla inayotoka mfukoni mwako juu ya ujira wake ni 31,500. Kuna pia likizo ya siku 28 kwa mwaka na saa za ziada akipitiliza 45 kwa wiki. Unaweza kuendelea kumlipa kwa idadi ya nguo, ila jumla isishuke chini ya kima cha chini cha sekta yako. Huo si mzigo mdogo kwa duka dogo. Lakini linganisha na kudaiwa michango ya miaka mitatu kwa mpigo, na adhabu juu yake.

Njia ya pili ni kumwacha huru kweli. Awe na cherehani yake (unaweza kumuuzia moja kwa mafungu), aje na kuondoka apendavyo, apokee oda za wateja wengine, apange bei yake, na akitaka kumtuma kijana wake ashone badala yake, amtume. Ukisoma sentensi hiyo ukahisi tumbo linakaza, jibu umeshalipata: unamhitaji mwajiriwa. Mimi ningechagua njia ya kwanza, na ningemweleza yeye mwenyewe waziwazi, kwa sababu kuna mafundi wasiopenda kukatwa NSSF na ni heri mkalisema hilo mezani kuliko alikute kwenye malipo. Hata hivyo, ridhaa yake ya "usinikate" haikuondolei wewe wajibu.

Mkataba wa rafiki yako nimeusoma wote. Unasema mgogoro utaamuliwa kwa sheria za jimbo fulani la Marekani. Unamtaka fundi asifanye kazi kwa mwingine yeyote kwa miaka miwili. Hicho kipengele cha pili kinachekesha kidogo, kwa sababu kumzuia mtu asihudumie wengine ni mojawapo ya alama za ajira nilizozitaja hapo juu. Mkataba unaomwita huru ndio huohuo unaomfunga kamba.

Kuna na suala la lugha. Sheria ya Mikataba inahesabu kuwa watu wameridhiana pale wanapokubaliana jambo lilelile kwa maana ileile. Fundi aliyesaini kurasa 11 za Kiingereza asichokisoma amepata sababu nzuri ya kubishana nawe baadaye. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama zetu, na Mahakama ya Mwanzo ni Kiswahili tu. Andika kwa Kiswahili, kurasa mbili, kwa maneno mnayoyatumia kibandani. Wala usimwite "mkandarasi". Kwetu neno hilo ni la wajenzi waliosajiliwa na bodi yao. Andika "Fundi" na "Mwenye Oda", inatosha.

Tuje sasa kwa fundi wa kibandani. Huyu ana mahali pake, vijana wake, vifaa vyake na wateja wengine. Huyu anajitegemea kweli, na mkataba wake ni wa huduma, si wa ajira. Makubaliano yenu ya mdomo msimu uliopita nayo yalikuwa mkataba halali, usije ukadhani hamkuwa na kitu. Mlichokosa ni ushahidi wa nini hasa mlikubaliana, na hasara yako yote imeingilia katika tundu hilo.

Anza na shati lenyewe. Watu huandika "mashati meupe ya shule, ubora mzuri" halafu Januari wanagombania maana ya "mzuri". Kaeni wawili, akate na kushona shati moja mbele yako, kola, kifuko, vifungo, nembo, kila kitu. Mkikubaliana, lifungeni kwenye mfuko wa nailoni, bandikeni karatasi yenye sahihi zenu na tarehe, likae dukani. Yeye achukue la pili kama hilo. Kwenye mkataba andika: "Nguo zote zitafanana na sampuli iliyosainiwa na pande zote tarehe fulani." Sentensi hiyo moja inazidi kurasa nne za maneno ya ubora.

Wakati anakata sampuli, pimeni kitambaa. Hapa ndipo mashati yako 70 yalipopotelea. Jora moja halilingani na jingine, na saizi ya darasa la kwanza haili kitambaa sawa na ya kidato cha nne, kwa hiyo usihesabu kwa jora, hesabu kwa mita na kwa saizi. Tuseme shati la saizi ya kati limekula mita 1.4. Ukimkabidhi mita 420, hayo ni mashati 300 bila mabaki. Fundi mwaminifu atakwambia hapohapo kwamba kuna upotevu wa kukata, mkubaliane kiasi, labda mita 12 za nyongeza, na muandike. Kisha kipengele kiwe hivi:

"Fundi amepokea mita 432 za kitambaa cheupe, vifungo 2,400 na nembo 300, vyote vikiwa mali ya Mwenye Oda. Fundi akiona kitambaa hakitatosha, atamjulisha Mwenye Oda kwa ujumbe wa simu kabla ya kuendelea kukata. Kitambaa kitakachobaki kitarudishwa pamoja na nguo za mwisho. Kitambaa kilichopungua bila maelezo hayo kitalipwa na Fundi kwa bei ya ununuzi, shilingi … kwa mita."

Hesabu nembo kama unavyohesabu noti. Nembo ya shule ndiyo inayogeuza shati la kawaida kuwa bidhaa yako, na ikibaki kwa fundi, mzazi anaweza kuuziwa shati kwa mlango wa pili.

Nani anabeba hasara kibanda kikiungua au kikivunjwa? Kisheria, aliyekabidhiwa mali ya mwenzake anatakiwa aitunze kama mtu makini anavyotunza mali yake mwenyewe, na akifanya hivyo hawajibiki kwa janga. Mkitaka iwe tofauti, semeni. Mimi hushauri usimkabidhi kitambaa chote kwa siku moja, mpe cha mashati 100, akileta nguo achukue kingine. Hakuna kipengele cha mkataba kinachozuia moto.

Malipo nayo yafuate mzunguko huohuo. Ufundi ukiwa 3,500 kwa shati, mashati 300 ni 1,050,000, na laki sita uliyotoa mwanzo ilikuwa zaidi ya nusu ya kazi ambayo haijaanza. Mpe laki mbili za nyuzi na posho za vijana. Kila fungu la mashati 100 likipokelewa, lipa ufundi wake ukipunguza sehemu ya kianzio. Lipa kwa simu au benki ili muamala uwe na rekodi, na uandike kwenye mkataba namba itakayopokea. Mlipe siku hiyohiyo, tafadhali. Fundi aliyetia jasho lake kwenye kitambaa chako ana haki ya kushikilia nguo mpaka alipwe ufundi wake, hivyo usimnyime malipo ya mashati 95 mazuri kwa sababu matano yana kola zilizopinda. Kubalianeni kwamba yenye kasoro yatarudi kurekebishwa ndani ya siku nne, bila malipo ya ziada, na mazuri yatalipwa bila kusubiri.

Sasa tarehe. Usiandike "kabla shule hazijafunguliwa". Andika tarehe tatu, moja kwa kila fungu, ya mwisho iwe kama 20 Desemba, uache nafasi ya marekebisho. Halafu ongeza sentensi hii: "Muda ni sharti la msingi la mkataba huu, kwa kuwa nguo zinahitajika kwa ufunguzi wa shule Januari." Si pambo. Chini ya kifungu cha 55 cha Sheria ya Mikataba, muda ukiwa ni wa msingi na mtu akachelewa, mwenzake anaweza kuuvunja mkataba. Usipokuwa wa msingi, unabaki na haki ya fidia tu, na oda umekwama nayo.

Kifungu hichohicho kina mtego ambao wafanyabiashara wengi hawaujui, na nadhani ulikunasa. Mtu akileta kazi nje ya muda na wewe ukaipokea kimya, unapoteza haki ya kudai fidia ya kuchelewa, isipokuwa kama wakati wa kupokea ulimjulisha kwamba unakusudia kudai. Kwa hiyo siku nyingine nguo zikichelewa, na ukaamua kuzipokea kwa sababu wazazi wamejaa mlangoni, kabla hujafungua furushi tuma ujumbe: "Nimepokea mashati 80 leo tarehe 12 badala ya tarehe 20 ya mwezi uliopita. Napokea lakini sijaacha haki yangu ya kudai hasara ya kuchelewa." Dakika moja tu. Usimtume mtu akaseme, tuma wewe.

Faini ya kuchelewa inaruhusiwa kuandikwa, ila usiifanye ya kukomoa. Mahakama, chini ya kifungu cha 74, itakupa fidia ya kuridhisha isiyozidi kiasi mlichoandika. Haiko tayari kukupa milioni mbili kwa sababu tu karatasi imesema milioni mbili. Asilimia moja ya ufundi wa nguo zilizochelewa kwa kila siku, isiyozidi asilimia 15, inaeleweka. Na weka haki ya kuchukua kitambaa kisichokatwa na kumpa fundi mwingine akichelewa zaidi ya siku saba. Mwezi Desemba hiyo ina thamani kuliko faini yoyote.

Yaliyobaki ni mafupi. Vijana wake ni wa kwake, yeye ndiye anayewalipa na kuwachangia, liandikeni. Atoe risiti na namba yake ya mlipakodi. Huduma za watoa huduma wa hapa nchini hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 na anayelipa katika biashara, basi pita ofisi ya TRA waangalie malipo yako kabla hujaanza kulipa, kwa sababu usipokata wewe ndiye utakayedaiwa. Hapohapo ulizia ushuru wa stempu, maana hati isiyolipiwa huzuiwa kuwa ushahidi mpaka ilipiwe pamoja na faini. Mhuri wa mwenyekiti wa mtaa? Si lazima, na mkataba haufi kwa kukosa mhuri. Lakini shahidi mmoja wa kila upande, anayejulikana na anayeweza kuja kusema niliwaona wakisaini, anafaa sana. Chapisheni nakala mbili, sahihi kila ukurasa.

Kuna mambo ambayo hayafai kumalizwa kwa jibu la maandishi. Ukipata fomu ya CMA yenye jina lako, usiiweke kwenye droo, nenda na mwanasheria au hata msaidizi wa kisheria wa wilayani, kwa sababu usipofika shauri linaweza kuendelea bila wewe. Usimwondoe fundi wa dukani kwa hasira ili "kusafisha" mambo kabla ya mkataba mpya. Akiachishwa ana siku 30 za kulalamika, na hapo utakuwa umejitengenezea kesi ambayo leo haipo. Kwa miaka mitatu iliyopita bila michango, zungumza na NSSF au Afisa Kazi wa mkoa ukiwa na mtu anayejua, kabla wao hawajaja. Na ikiwa oda zako ni za halmashauri au za shule kubwa zenye mkataba wake, mwanasheria auone ule mkubwa kwanza, ili tarehe unazompa fundi zisigongane na ulizopewa wewe.

Kuhusu mashati 70: usikimbilie polisi, deni la kazi ambayo haikukamilika kwa kawaida ni la madai. Mwandikie barua ya madai wiki hii, nakala ubaki nayo, ueleze mita ulizompa, mashati uliyopokea kwa tarehe zake, na kianzio chenye namba ya muamala. Mpe siku 14. Kitambaa cha mashati 70, kwa kipimo cha mita 1.4, ni mita 98. Akikuletea hizo mita 98 au bei yake, na mkakubaliana kuhusu kianzio, unaweza hata kumpa oda ya Januari, kwa mkataba mpya. Akikataa, barua hiyo na meseji zako za simu ndivyo vitakavyoingia nawe Mahakama ya Mwanzo. Kwa hiyo kabla hujabadilisha simu, hakikisha mazungumzo yenu ya Oktoba bado yamo.